Vyombo ni vya nani? Nyundo, tupa na jiliwa katika historia ya Katanga



Wiki hizi swali moja linarudi kila mara katika mazungumzo yetu. Mutu amemaliza masomo, ofisi zimemfungia mlango, ana kachumba kamoja nyuma ya nyumba ya wazazi na feza kidogo alizochanga. Anataka kufungua ateliye ndogo ya vyuma palepale lupangoni. Anunue vyombo gani? Majibu mliyotoa yanafanana: posti ya kuchomelea, mashini ya kukata, na ile valizi yenye vyombo mia na kitu vinavyong'aa kama vijiko vya arusi.

Mimi nilisoma historia, si mekanika. Lakini nina meza ya kazi kwetu lupangoni. Natengeneza milango, mbabula na viti vya chuma, ili kujaza pale ambapo mshahara wa kufundisha haufiki. Nitajibu swali hilo, ila nitapitia historia kwanza, mnivumilie. Juu swali la "ninunue nini" lina kaka yake mkubwa ambaye hatumuulizi: chombo hicho ni cha nani, na siku kitakapoharibika, nani anajua kukirudisha kazini? Huku kwetu Katanga, swali hilo la pili liliamua maisha ya jamaa nyingi sana.

Tuanzie mbali, kwenye bonde la Upemba, kule Lualaba inapopita katikati ya maziwa kabla ya kuendelea kaskazini. Katika miaka ya 1970 mwanaakiolojia Pierre de Maret alichimba makaburi ya kale mahali panapoitwa Kamilamba. Kaburi moja, la wakati kati ya karne ya 8 na karne ya 10, lilikuwa na shoka ya heshima ambayo mpini wake ulipambwa kwa misumari, na karibu na kichwa cha marehemu kulikuwa na fuawe ya chuma.

Fuawe si kitu cha kuzika ovyo. Chuma cha wakati ule kilitoka katika tanuru la udongo, kwa mkaa mwingi na kazi ya siku nyingi, na kipande kinachotosha fuawe kingeweza kutoa majembe kadhaa. Waliomzika mutu yule walikubali kupoteza yote hayo. Karne nyingi baadaye, katika ufalme wa Waluba, shoka za heshima na fuawe zilikuwa bado alama za utawala, na wanawake walivaa katika nywele pini za chuma zenye umbo la fuawe. Leo ukimwambia mutu kwamba wewe ni fundi wa vyuma anakuangalia kwa huruma, hasa kama unayo lisansi. Huruma hiyo ni ya juzi tu. Haikutoka kwa babu zetu.

Halafu sikilizeni neno lenyewe: nyundo. Mtu wa Pwani anasema nyundo, Muluba anasema nyundo, na neno hilo limo katika lugha nyingi sana za Kibantu. Katika Afrika ya Kati mara nyingi chombo hicho kimoja kilifanya kazi mbili. Ni kipande kizito cha chuma, upande mmoja kimechongoka. Ukikishika mkononi ni nyundo. Ukikisimika ardhini au katika gogo, kinakuwa fuawe. Ongeza jiwe kubwa la kupigia kazi nzito, mivukuto ya ngozi, bomba la udongo la kupeleka upepo kwenye moto, koleo za kushikia, na ateliye imekamilika. Unaweza kuhesabu vyote kwa vidole na vidole vinabaki. Kwa vyombo hivyo mhunzi alitoa jembe, shoka, kisu, mkuki. Tena, na hapa njo ninataka mshike vizuri, alitoa pia nyundo itakayofuata. Chombo kilipochoka, alikitia katika moto wake mwenyewe. Hakungoja mutu alete kingine kutoka mbali.

Sisemi zamani ilikuwa paradiso. Ufundi ule ulifichwa kwa siri na miiko, wanawake walifukuzwa karibu na tanuru, na kijana asiye wa ukoo unaofaa angeweza kuzunguka ateliye ile maisha yake yote bila kufundishwa. Lakini jambo moja halina ubishi: mikono na vyombo vilikuwa vya mutu mmoja.

Mfano mwingine wa kwetu ni waya wa shaba wa Bayeke. Msiri, mtoto wa wafanyabiashara wa Usumbwa, magharibi ya Tanzania ya leo, alijenga dola yake Bunkeya katika nusu ya pili ya karne ya 19, mpaka alipouawa tarehe 20 Desemba 1891 na msafara wa Stairs uliokuja kwa faida ya mfalme Leopold II. Wenyeji wa Katanga walikuwa wanayeyusha shaba na kuimwaga katika umbo la misalaba karne nyingi kabla yake. Bayeke walijulikana zaidi kwa ufundi wa kuvuta waya, mwembamba kabisa, wa kuzungushia bangili. Mmisionari Mbelgiji Jean-Félix de Hemptinne aliona wazee wakifanya tena kazi ya kuyeyusha mbele yake, na mwaka 1926 akachapisha maelezo yake juu ya hao aliowaita "walaji wa shaba".

Kuvuta waya kunahitaji vitu vichache sana: bamba la chuma lenye tundu, kitu cha kubana ncha ya waya, mafuta, na watu wenye nguvu. Ufito wa shaba unachongwa ncha, ncha inapita katika tundu, inabanwa, watu wanavuta. Kisha tundu dogo zaidi. Shaba ukiivuta inakuwa ngumu, ukilazimisha inakatika, kwa hiyo kila baada ya mara chache lazima irudi motoni ilainike. Sasa fikiri juu ya lile bamba. Tundu likiota mkwaruzo, waya wote unatoka na mkwaruzo. Likipanuka, waya unatoka mnene kuliko ulivyotaka. Dawa yake, popote duniani ambapo kazi hii ilifanywa kwa mkono, ni kupiga chuma kuzunguka tundu mpaka lijifunge kidogo, halafu kulifungua upya kwa msumari mgumu na kulisugua lilainike. Donc anayevuta waya ni lazima awe pia daktari wa bamba lake. Matunzo si kazi ya jumamosi pembeni ya kazi yenyewe. Ni nusu ya kazi.

Bon. Wakati wazee wale walipokuwa wanaonyesha ufundi wao, dunia nyingine ilikuwa imekwisha kuingia. Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906, reli kutoka kusini ilifika Élisabethville mwaka 1910, na mwaka 1911 tanuru kubwa la Lubumbashi lilimwaga shaba yake ya kwanza. Mwaka huohuo Wasalesiani wa Don Bosco walifika mjini, na hawakukawia kufungua shule ya ufundi. Kwa reli hiyo vikaja vyombo ambavyo mhunzi wa Upemba hakuwahi kuviota: mashini za kuchonga vyuma, jiliwa zenye skrubu nene kama mkono wa mtoto, tupa kwa makasha.

Tupa inastahili maneno mawili. Kwa karne nyingi, Ulaya pia, meno ya tupa yalikatwa moja moja kwa nyundo na patasi, na mkataji mzuri alikata kwa kusikia tu katika kidole, bila kupima. Mwaka 1864 Mmarekani William Nicholson wa Providence alipata hati ya kumiliki mashini ya kukata meno hayo, na baada ya hapo tupa ikawa kitu cha kununua tu, cha bei ya chini, kinachotoka mbali. Ni faida kubwa, sikatai. Lakini tangu hapo fundi akazoea kwamba tupa haitengenezwi, inatupwa.

Mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni ikabadilisha siasa yake. Badala ya kuchukua wanaume kwa miezi michache na kuwarudisha vijijini, ikataka wakae na jamaa zao. Ndipo yakaja makambi yenye nyumba, posho, hospitali, shule. Babu zetu wengi walitoka kijijini wakawa mafundi wa kweli: wachomeleaji, mafundi wa umeme, wale wanaoitwa ajista na turnera. Nimekutana na wazee wa namna hiyo ambao wangeweza kukurekebishia kipande cha chuma kwa tupa mpaka kiingie katika kingine bila kucheza hata kidogo. Shule gani leo inatoa mutu kama huyo?

Lakini nyumba ilikuwa ya kampuni. Vyombo pia vilikuwa vya kampuni. Katika viwanda vikubwa vya enzi ile, huku na popote, chombo kilikaa ku magazini, nyuma ya dirisha. Asubuhi unatoa kijetoni chako chenye namba, unapewa chombo, jioni unarudisha, kijetoni kinarudi shingoni. Na kunoa? Mawazo ya Mmarekani Frederick Taylor yalikuwa yameenea viwandani tangu mwanzo wa karne: kunoa kufanywe na chumba maalumu chenye watu wake, si na kila fundi kwa namna yake. Kwa kiwanda ni akili nzuri, tuwe wakweli. Meshi zote zinatoka na pembe moja, hakuna anayepoteza muda kwenye jiwe. Tena kampuni njo iliyotufundisha kwamba kila chombo kina msumari wake ukutani na mchoro wa kivuli chake, ili kikikosekana kila mutu aone. Mimi nimeiga hiyo kwetu na sioni haya.

Ila tazama hasara iliyojificha. Turnera wa miaka 20 angeweza kuwa hajawahi kunoa meshi yake mwenyewe.

Pembeni ya kampuni, maisha mengine ya vyombo yaliendelea jioni, lupangoni. Mbabula ambazo mama zetu wanapikia makala zinatokana na mapipa na mabati, zimekatwa kwa patasi, zimepigwa juu ya kipande cha reli. Kipande cha reli! Hakuna fuawe iliyosaidia watu wa Katanga kuliko hiyo. Uso wa juu ni mpana na umeshupazwa na magurudumu, kiuno ni chembamba kwa kukunjia bati, na ukikisimamisha wima unapata uzito wote chini ya pigo. Mhunzi wa Kamilamba angekielewa mara moja.

Tarehe 30 Novemba 1973 Mobutu alitangaza zaïrianisation. Biashara za wageni, pamoja na maduka ya vyombo vya chuma, zikagawiwa wenye bahati. Wengi wao waliuza kilichokuwa kwenye rafu na hawakuagiza kingine. Waliokuwa mafundi wakati ule wanasimulia jinsi kununua meshi moja ya milimita nane kulivyokuwa safari ya kuzunguka mji mzima. Hata hivyo kampuni, ambayo sasa iliitwa Gécamines, ilibaki imesimama. Mwaka 1986 ilitoa shaba karibu tani 476,000. Halafu Septemba 1990 sehemu ya mgodi wa chini wa Kamoto ikabomoka, mwaka 1991 ukaja uporaji mijini, na miaka ile ya tisini uzalishaji ukaanguka mpaka makumi machache ya maelfu ya tani, aibu tupu. Mishahara ikakaa miezi na miezi. Mwaka 2003, kwa feza za Benki ya Dunia, wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka katika kile kilichoitwa "kuondoka kwa hiari". Neno hiari hapo, kila mutu wa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi anajua lina uzito gani.

Kwenye avenyu yetu waliondoka wawili. Wa kwanza alikuwa turnera, na wote wanakubali kwamba alikuwa hodari kuliko mwenzake, hata yeye mwenzake anakubali. Lakini turnera bila turu ni kama dereva bila motokari. Mashini ile ina uzito wa tani na zaidi, inadai umeme wa fezi tatu, mutu hawezi kuiweka nyuma ya nyumba. Alinunua basi ndogo kwa feza zake za mwisho, basi ikafa, akaanza kuuza makala. Wa pili alikuwa ajista. Kazi yake kazini ilikuwa tupa, msumeno, nyundo na patasi, na kwa miaka mingi alikuwa akinunua vyombo vyake mwenyewe kimoja kimoja, kila mara mshahara ulipolipwa, akafunga jiliwa ya zamani kwenye gogo la mti chini ya muembe. Siku alipotoka, kesho yake asubuhi alifanya kazi. Mpaka leo watu wanamletea kufuli, bawaba, minyororo ya baiskeli, mashini za kusaga mahindi.

Nilimuuliza siku moja kampuni ilimpa nini. Akacheka. "Ilitufundisha kazi, ile siwezi kukatala. Lakini siku ya kutoka, mikono njo ilitoka. Sanduku ilibakia ku magazini. Mimi nilikuwa na sanduku ingine ku nyumba, ni paka hivyo."

Sitaki mumuhukumu yule turnera. Hakuwa mvivu wala mjinga. Alichagua, au alichaguliwa, ufundi ambao chombo chake hakiwezi kumilikiwa na mutu wa kawaida. Hilo njo jambo ambalo kijana mwenye feza kidogo anapaswa kulitazama kabla ya kuingia dukani: kati ya vyombo ninavyotaka, vipi nitaweza kuvinoa, kuvinyoosha na kuviponya mwenyewe hapa lupangoni, na vipi vitaniacha nimekaa siku vinapokufa?

Kwa hiyo mimi ningeanza na jiliwa, ile mafundi wanaita eto. Afadhali ya zamani ya chuma kizuri kuliko mpya ya rangi nzuri. Katika soko za komini ya Kenya (yetu ya Lubumbashi, wageni msichanganye na nchi) utapata zilizotumika. Funga taya bila kubana na utazame kwenye mwanga: zikikutana juu na chini sawasawa, vema. Vuta taya inayotembea juu na chini. Ikicheza sana, uache. Tafuta ufa kwa kusugua na kitambaa chenye mafuta, maana ufa unakunywa mafuta na mstari unajitokeza. Skrubu yenye kutu si kitu, kutu inatoka. Skrubu yenye meno yaliyolika, mwachie mwenyewe. Nyumbani, taya ziwe kwenye urefu wa kiwiko chako ukiwa umesimama, si chini ya hapo, mgongo utakushukuru. Skrubu ifunguliwe yote na kupakwa grisi mara mbili kwa mwaka: kabla ya mvua kuanza Oktoba au Novemba, na zinapokwisha Aprili, kwa sababu vumbi la kiangazi likichanganyika na grisi ya zamani linakuwa msasa.

Kisha tupa, tatu tu: moja bapa ya meno makubwa, moja bapa ya meno laini, moja ya nusu duara. Tupa inakata inapokwenda mbele. Ukiirudisha huku umeikandamiza, unavunja meno yake bure. Vumbi la chuma likijaza meno, toa kwa brashi ya waya kwa kufuata mstari wa meno, na ukitaka lisijae haraka, paka chaki, chaki ileile ya ubaoni. Mafuta hapana. Yule mzee aliniona siku moja napaka mafuta ya motari tupa mpya nikifikiri nazuia kutu. "Mutoto, tosha ile mafuta. Tupa ya mafuta inaterezaka, haikatake." Na siri nyingine ambayo watu wa shaba wanaijua: tupa mpya ianze kwa shaba na chuma laini cha manjano, ichoke kidogo ndipo ihamie kwenye chuma cha kawaida. Ukifanya kinyume haitauma tena shaba, itateleza juu yake. Na usizirundike pamoja kwenye boksi, tupa zinakulana meno.

Nyundo, moja ya gramu 500 na nyingine ya kilo moja hivi. Unataka kujua kama uso wake ni mgumu? Mwombe muuzaji ruhusa, pitisha tupa ya zamani kwenye ukingo wake: ikiteleza, nunua, ikikata kama sabuni, rudisha mfukoni feza zako. Mpini ukilegea usitumbukize nyundo majini kama wengi wanavyofanya. Mti unavimba leo, kesho kutwa umekauka na kulegea kupita jana, na kichwa kinaruka kwa jirani. Piga kabari. Patasi ikiota uyoga kichwani kwa kupigwa, usiitumie mpaka umeusugua ule uyoga, kipande chake kikiruka kinaingia jichoni kama risasi.

Msumeno wa chuma: meno yatazame mbele, na katika unene wa chuma unachokata yawe angalau matatu kwa pamoja. Bati jembamba linahitaji meno madogo, 32 kwa inchi; chuma kinene 18. Mutu anayevunja makali mawili kwa siku kwa kawaida amepuuza hesabu hiyo. Meshi nunua chache za saizi unazotumia kweli, na jifunze kunoa kwa jiwe. Utaharibu tatu, ya nne itakata, na kuanzia hapo humtegemei mutu.

Wandugu wa Goma wataniambia kwamba chukudu inachongwa kwa panga, patasi na vitu vichache, halafu inabeba magunia ya viazi kutoka Masisi. Ndiyo. Niliwahi kukaa nusu siku nikitazama. Sikuona valizi.

Mashini ya kukata na posti ya kuchomelea sizikatazi, ninazo zote mbili, lakini zilikuja mwisho na kwa feza zilizotoka kwenye tupa. Umeme wetu unashuka na kupanda, na mota iliyoungua hakuna namna ya kuinoa. Na kwa mashini ya kukata, tafadhali sana, acheni kuvua kile kikinga cha bati ili kuingiza diski kubwa. Diski ya milimita 230 imetengenezwa kuvumilia mizunguko karibu 6,600 kwa dakika. Mashini ndogo, ya diski ya 115, inaweza kuzunguka 11,000. Imeandikwa juu ya diski yenyewe. Ikipasuka katika mwendo ule haichagui uso. Tazameni pia tarehe iliyochapishwa kwenye pete ya chuma katikati ya diski, gundi yake inazeeka, na sokoni zinauzwa zilizokaa juani miaka.

Mliniuliza mwishoni tupa iliyokufa inakwenda wapi. Haitupwi. Chuma chake kina makala nyingi ndani, kizuri kuliko karibu chochote utakachookota barabarani. Mimi hufanya hivi: naiweka katika mbabula yenye makala mengi mpaka iwe nyekundu yote, naizika ndani ya majivu usiku mzima ipoe polepole. Asubuhi imelainika, msumeno unaikata. Naipa umbo la patasi au la kisu cha kukwangulia, naipasha tena mpaka nyekundu, naizamisha ncha katika mafuta. Hapo ni ngumu kama kioo, na kama kioo inavunjika. Kwa hiyo naisugua ing'ae, naipasha kidogo sana kutoka upande wa nyuma, na kutazama rangi ikitembea kuelekea kwenye ncha: njano ya majani makavu kwa kisu cha kukwangulia, kahawia iliyoiva kwa patasi itakayopigwa nyundo. Rangi ikifika, majini mara moja. Patasi mbili kati ya tatu ninazotumia sasa zilikuwa tupa, na ya tatu ilitoka kwenye springi ya lori.